Jina Hili Limekwisha Kujibu

Nchi ninayoieleza hapa ina furaha. Ukweli huu umeandikwa katika ibara ya kwanza ya Katiba yake, na kwa kuwa umeandikwa huko, hakuna raia aliyewahi kupewa kibali cha kuuchunguza. Watu wake hufa, kama wafavyo watu wa nchi zisizo na furaha, lakini wao hufa kwa utulivu, bila kuathiri takwimu.

Zamani vifo vilitangazwa redioni. Kila alasiri, baada ya taarifa ya habari, sauti ya mwanamke ilisoma jina la marehemu, mahali pa maziko, na mwisho majina ya jamaa: habari ziwafikie kaka yake aliyeko mgodini, binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mto, shemeji yake popote alipo. Wauza nyama walisitisha visu hewani. Wagomvi waliahirisha ugomvi. Mwenye sauti hiyo aliitwa Bi Kidawa, na mumewe, Mzee Nasibu Kologwa, alikuwa fundi mitambo wa redio hiyohiyo. Inasemekana yeye ndiye aliyeirekebisha mitambo hata sauti ya mkewe ikafika mbali kuliko hotuba za Rais, hitilafu ambayo wizara iliichunguza mara nyingi bila kumpata mwenye kosa.

Nchi hiyo ina desturi moja ambayo wageni huiona ya ajabu. Aliyetajwa jina katika tangazo la kifo hana budi kujibu, popote alipo, kwa neno moja tu: Zimefika. Mpaka wote waliotajwa wajibu, tanga halianuliwi. Godoro la wafiwa hubaki sakafuni sebuleni, na mwenye msiba mkubwa kuliko wote hulala juu yake, hata kama kitanda chake kiko chumba cha pili na kimetandikwa. Wataalamu wa maendeleo waliiandikia desturi hii ripoti ndefu na kuiita kikwazo cha uzalishaji. Wananchi hawakuisoma ripoti hiyo. Walikuwa wamelala chini.

*

Kisha ikagunduliwa kwamba wawekezaji, wakiwa hotelini, walikuwa wakiwasha redio. Matangazo ya vifo yalifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na kipindi cha kubashiri matokeo ya mechi. Bi Kidawa na Mzee Nasibu walistaafishwa kwa manufaa ya umma, wakapewa cheti na saa ya ukutani isiyo na betri.

Walirudi nyumbani wakaanzisha tovuti. Waliiita Ziwafikie. Ilikuwa na ukurasa mweupe na maandishi meusi. Chini ya kila tangazo yalipangwa majina ya jamaa, na mbele ya kila jina paliachwa nafasi tupu ambayo mwenyewe angeandika Zimefika. Pembeni, upande wa kulia, hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe kutoka juu hadi chini. Mzee Nasibu alipoulizwa kwa nini hapajazi, alijibu kwamba mtu aliyefiwa anahitaji mahali pa kupumzisha macho.

Taifa zima liliizoea. Watu waliifungua asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Walipeleka matangazo yao bure, na jamaa waliotawanyika wakajibu kutoka migodini, kutoka magereza, kutoka jikoni kwa matajiri wa nchi za mbali.

Bi Kidawa na mumewe walikuwa na mtoto mmoja, Shomari, kijana mpole aliyekuwa na kasoro ya kuuliza maswali. Siku moja katika mkutano wa hadhara alimuuliza Mkuu wa Mkoa mahali ilipokwenda zahanati iliyokuwa imezinduliwa mara mbili. Jioni yake alichukuliwa na watu wenye heshima kwa gari lisilo na namba, kwa ajili ya mazungumzo. Serikali ilitoa ufafanuzi wa haraka: haimjui kijana huyo, haikumchukua, na anaendelea vizuri.

Mazungumzo yalirefuka. Mzee Nasibu alikwenda kila kituo cha polisi kuuliza, akarudishwa kila kituo kwa adabu, na mwishowe moyo wake, ambao haukuwa na fundi, ukasimama. Bi Kidawa aliliandika tangazo mwenyewe. Jamaa wote walijibu kabla ya jua kuzama. Ilibaki nafasi moja tupu, mbele ya maneno haya: mwanawe Shomari, popote alipo.

Akateremsha godoro sakafuni.

*

Jirani yake, Mama Siwatu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alikuja kumsihi baada ya masika kupita, na akaja tena baada ya masika mengine.

"Kidawa, mwenzangu, huo mgongo ukikatika utaazima wa nani? Panda kitandani."

"Kitanda hakikimbii."

"Godoro ndilo linalokimbia?"

"Godoro linamsubiri mtu."

Mama Siwatu akavua viatu, akajinyoosha kando yake kama gunia lililotuliwa. "Basi sogea. Kwangu nalala na mume anayekoroma kama mashine ya kusaga. Walau huku kuna msiba wa kimyakimya."

Walilala hapo wakitazama dari. Kabla ya usingizi Bi Kidawa alifungua simu, akatazama ile nafasi, akaifunga. Alifanya hivyo kila siku, kama wengine wanavyokagua komeo la mlango.

*

Wakati huo serikali ilikuwa imeunda Wizara ya Fursa Zilizolala, chini ya Mheshimiwa Dakta Theobadi Mkangala, mtu aliyeaminika kuwa hajawahi kulala yeye mwenyewe isipokuwa bungeni. Wizara ilipewa jukumu la kuzitambua fursa, kuziamsha, na kuzikabidhi kwa watu waliokwisha kuamka.

Ofisa wa wizara alifika kwa Bi Kidawa akiwa na mkoba na rula.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umefiwa?"

"Hapana, nimetumwa." Akafungua tovuti kwenye simu yake, akaweka rula juu ya kioo. "Hapa pembeni mmeweka nini?"

"Hatujaweka kitu."

"Ndilo kosa lenyewe." Ofisa alisema kwa huzuni ya kweli, kama daktari. "Bi Mkubwa, taifa zima linapita hapa kila asubuhi. Linatazama. Linasubiri. Mtu anayesubiri hukodoa macho, na macho yaliyokodolewa ni mali. Wewe umeyaachia yatazame weupe tangu siku ya kwanza."

"Ni watu wenye msiba, baba."

"Mwenye msiba hanunui sabuni?"

Bi Kidawa alikubali kwa kichwa, kwa maana ni kweli kwamba hununua.

Ofisa akamfafanulia sheria. Kwa mujibu wa Kodi ya Nafasi Tupu, mmiliki hulipia matangazo ya biashara ambayo angeweza kuyaweka na hakuyaweka. Bi Kidawa alidaiwa kodi ya sabuni ambazo hakuzitangaza, ya mikopo ambayo hakuisifia, na ya bia ambayo yeye, mwanamke wa swala tano, alikuwa amelinyima taifa fursa ya kuikumbuka. Asipolipa, tovuti itafungwa na kila kilichomo kufutwa. Ila wizara ina huruma: anaweza kuiuza kwa mnunuzi mwenye maono, na deni litahama na mauzo.

"Na mkiifunga, zile nafasi za kujibia?"

"Zitafungwa nazo."

"Mtu akiwa mbali akataka kujibu?"

"Atakuwa amechelewa, Bi Mkubwa."

Bi Kidawa aliitazama rula, kisha godoro. "Mlete mnunuzi," alisema.

*

Mnunuzi alikuwa Kampuni ya Upeo, na mkurugenzi wake Bwana Fidelisi Ruhinda, shemeji wa Waziri. Wizara ilieleza kwamba uhusiano huo ni wa kifamilia na hauna athari nje ya familia. Zabuni ilikuwa ya wazi, na waombaji wengine hawakujitokeza kwa sababu ilitangazwa ndani ya droo.

Bwana Ruhinda alikuwa mtu mkarimu. Alikubali haraka sharti pekee la muuzaji, akaagiza liandikwe katika mkataba: nafasi iliyo mbele ya jina la Shomari Kologwa itabaki wazi mpaka atakapojibu.

"Hata ikichukua miaka?" Bi Kidawa aliuliza.

"Bi Kidawa, sisi tunafurahia akichelewa. Asiyejibiwa hurudi kila siku. Wewe unatuletea mtazamaji wa kudumu: wewe mwenyewe."

Alitia saini. Katika hafla ya makabidhiano, mbele ya bendi ya polisi, Mheshimiwa Waziri alitoa hotuba ambayo magazeti yote yaliichapisha nzima, kwa kuwa yalikuwa yameipokea siku iliyotangulia.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu nchi yetu imekuwa ikifa kiholela, bila tija. Tulizika, tukalia, tukaondoka mikono mitupu. Leo hii, kila chozi linapata mfadhili! Ninyi wafiwa si mzigo tena. Ninyi ni soko!"

Watu walipiga makofi. Bi Kidawa, aliyeketishwa mbele kwa cheo kipya cha Mwasisi, alipiga pia, polepole, kama mtu anayekung'uta vumbi mikononi.

*

Weupe wa pembeni ulijaa kwa siku moja. Palikuja sabuni, palikuja majeneza ya kukopa, palikuja kampuni ya kubeti iliyowaalika wasomaji kubashiri mtaa utakaofiwa kesho. Matangazo ya vifo yalianza kusomeka hivi: Familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, kwa hisani ya Mafuta ya Kupikia Tabasamu. Nchi iliyazoea haya upesi, kwani ilikuwa imezoea makubwa zaidi.

Tatizo lilikuwa zile nafasi tupu. Wafadhili walilalamika. Utafiti wao ulionyesha kwamba mtu anayetazama nafasi tupu haoni kingine chochote, hata kikimetameta. Zaidi ya hayo nafasi hizo zilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia, na baadhi ya mitaa ilikuwa na nafasi tupu katika karibu kila tangazo. Wafadhili hawakuuliza kwa nini. Waliomba tu zijazwe.

Kampuni ya Upeo ikabuni Huduma ya Kujibu kwa Niaba.

Asubuhi moja Bi Kidawa alifungua simu kabla hajanyanyua kichwa kwenye godoro. Mbele ya jina la mwanawe palikuwa na neno moja. Alilisoma. Akafumba macho, akalisoma tena. Kisha sauti ile ambayo taifa lilikuwa limeisahau, sauti iliyokuwa ikifika mbali kuliko hotuba, ikapita kwenye kuta zote za mtaa.

"Zimefika! Siwatu! Zimefika!"

Mama Siwatu alikuja mbio akiwa na kanga moja na povu la mswaki kinywani, akapiga vigelegele na povu lake. Wanawake walijaa. Wakalibeba godoro wakalipeleka uani likaanikwe juani, kama inavyofanywa tanga likianuliwa. Mchele wa pilau ukaanza kupembuliwa. Bi Kidawa alisimama katikati ya sebule tupu, hajui mahali pa kuweka mikono.

"Nilikwambia kijana huyo ana tabia ya kuchelewa," alisema Mama Siwatu. "Hata kuzaliwa alichelewa, tukadhani una tumbo la gesi." Alikuwa ameketi kizingitini na simu yake, akisoma kwa sauti ili furaha isipungue. "Na leo si kwako tu, mwenzangu. Baraka imemwagika! Tangazo la mama yangu, yule mjomba aliyepotelea mgodini naye kajibu. Tangazo la marehemu Chande wa redioni, nalo limejaa. Sikiliza: mkewe, Zimefika. Wanawe, Zimefika. Rafiki yake mpenzi, Nasibu Kolo—"

Akaishusha simu mapajani.

Mzee Chande na Mzee Nasibu walikuwa wamefuatana kaburini. Tangazo la wa kwanza lilitoka siku ileile aliyokufa wa pili, na nafasi ya Nasibu ilibaki tupu kwa sababu ambayo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Malizia," alisema Bi Kidawa.

"Kidawa..."

"Soma, Siwatu. Mimi nimesomea watu maisha yangu yote. Nisomee."

"Nasibu Kologwa," alisema Mama Siwatu. "Zimefika."

Wanawake waliokuwa wakipembua mchele waliacha. Bi Kidawa alikwenda uani, akalikunja godoro kabla jua halijaanza kulipasha, akalirudisha ndani akalitandika mahali pake. Hakulia. Mchele ulirudishwa guniani, na kila mmoja alikwenda kwake kutazama ni nani wake aliyejibu.

Alipokwenda Upeo na mkataba wake, Bwana Ruhinda alimpokea kwa chai. Mkataba unasema nafasi iwe wazi mpaka Shomari ajibu, alimkumbusha. Shomari amejibu. Kampuni imetimiza wajibu wake.

Polisi nao walifaidika. Kwa kuwa kila raia aliyedaiwa kupotea alikuwa amejibu kwa maandishi, majalada yao yalifungwa, na nchi ikatunukiwa tuzo ya kimataifa kwa kutokuwa na mtu hata mmoja asiyejulikana alipo.

*

Ilipofika kumbukumbu ya mauzo, bendi ya polisi iliitwa tena, na Mwasisi akaketishwa mbele. Mheshimiwa Waziri alisifu mafanikio, kisha akamwachia kipaza sauti shemeji yake azungumzie usalama wa mfumo.

"Mheshimiwa, mfumo wetu haudanganyiki," alisema Bwana Ruhinda. "Juzijuzi mhalifu mmoja, kutoka mahali ambapo hatuwezi kupataja, alijaribu kujibu kwa jina la mwananchi aliyekwisha kujibu. Mfumo ukamwambia: Jina hili limekwisha kujibu, asante, tazama ofa zetu. Akajaribu tena. Na tena. Alikuwa king'ang'anizi. Tumemfungia kabisa, hataandika humo maisha yake yote!"

Makofi.

Bi Kidawa alisimama. Haikuwa katika ratiba, lakini alikuwa Mwasisi, na kipaza sauti cha pili kilishikwa na kijana aliyelelewa kumpa nafasi mama mtu mzima.

"Mkurugenzi, jina gani hilo?"

Bwana Ruhinda aliinama juu ya simu yake. Hakukumbuka kwamba jina hilo lilikuwa katika mkataba, kwa maana kwake mkataba uliokwisha kutimizwa haukuwa na majina. "Shomari Kologwa," alisoma.

"Aliandika nini?"

"Mambo ya hovyo, Mwasisi. Utaratibu unaruhusu neno moja. Yeye kaandika: Mama, zimefika. Rudi kitandani." Akacheka kidogo, akakohoa. "Mfumo ulimkamata kwa hilo pia. Neno kitanda limo katika maneno yenye kuashiria uchafu."

Watu wengi pale walikuwa wameamkia kwenye magodoro ya sakafuni.

Bi Kidawa alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mtu mliyemfungia asiandike," alisema, "akifungua tovuti, anaona nini?"

"Haoni nafasi ya kuandika, Mwasisi. Matangazo ya biashara anayaona yote. Hayo hatumfungii mtu. Ingekuwa hasara."

"Asante, mwanangu," alisema Bi Kidawa, na akaketi.

*

Kesho yake alikwenda katika ofisi ya matangazo ya Upeo, akapanga foleni baina ya muuza majeneza na wakala wa kubeti. Binti wa mapokezi alimwamkia, akamuuliza anataka nini.

"Nataka ile nafasi ya pembeni. Upande wa kulia."

"Bidhaa gani, Bi?"

"Sina bidhaa. Nina maneno."

"Maneno matupu hayaruhusiwi, Bi wangu. Tangazo lazima liuze kitu."

Bi Kidawa alifikiri. Yule aliyewahi kuulizwa kwa rula ameweka nini pembeni, sasa aliulizwa anauza nini. Akaomba karatasi, akaandika kwa mwandiko ulionyooka wa watu wa redio, akamsogezea binti.

Binti alisoma, akahesabu herufi, hakuona tatizo. Katika matangazo ya biashara neno kitanda linaruhusiwa.

Kama mmepata kuifungua Ziwafikie siku za karibuni, mmeliona. Liko chini ya sabuni na juu ya mikopo, halina picha wala rangi:

Godoro linauzwa. Lilikuwa la matanga. Tanga limeanuliwa, mwenyewe amerudi kitandani. Mwenye kulihitaji anaijua nyumba.

Wizara imeliorodhesha tangazo hilo miongoni mwa yaliyoshindwa, kwani linatazamwa sana na halijauza. Ni kweli. Wateja huja mara kwa mara, wengine kutoka mbali, na godoro wanaliona, limekunjwa na kufungwa kamba, limeegemezwa ukutani karibu na mlango. Mama Siwatu huwakaribisha maji. Lakini kila anayebisha hodi huulizwa jina kabla ya kuambiwa bei, na bei hakuna aliyewahi kuambiwa.